Shajara ya mradi: darasa la kuzuia kisukari mtaani Gulfton, Houston

Shajara hii naiweka kwa ajili ya wenzangu wanaotaka kuanzisha darasa kama hili kwa Kiswahili, hapa Houston au kwingineko. Tumeanza na Kihispania kwa sababu Gulfton ni mtaa wa Walatino. Wasalvador, Wahonduras, Waguatemala na Wameksiko ndio waliojaa kwenye maghorofa haya, na jamaa zetu wakimbizi kutoka Kongo waliwakuta hapa. Mimi ni mratibu. Natafuta ukumbi, naweka hesabu, naandika. Kufundisha wanafundisha promotoras wawili, mmoja wa El Salvador na mwingine wa Meksiko. Promotora ni yule ambaye Tanzania tunamwita mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na Texas inawapa cheti baada ya mafunzo ya saa 160. Kihispania changu ni cha sokoni, kwa hiyo mengi ya humu nimeyapata kwa kuwauliza baada ya watu kuondoka.

Yaliyokwenda sawa nitayapitia mbio mbio.

13 Januari 2024. Tunachoanza nacho

Mtaala si wetu. Chanzo chake ni utafiti ulioanza Marekani mwaka 1996 na kuhusisha watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafika kiwango cha kisukari. Kundi moja lilipewa malengo mawili: kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kundi jingine lilipewa metformin, dawa ya kushusha sukari, jingine vidonge visivyo na dawa. Majibu yalichapishwa 2002. Waliobadili mwenendo walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58, waliomeza metformin kwa asilimia 31. Walatino walikuwamo, na faida ilionekana kwa watu wa asili zote.

Mwaka 2010 CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ikaanzisha mpango wa taifa juu ya msingi huo. Darasa huenda mwaka mzima: vikao visivyopungua 16 katika miezi sita ya kwanza, kisha visivyopungua 6 katika miezi sita ya pili. Mtaala upo kwa Kihispania na hulipii kitu. Kwa Kiswahili tutajitafutia wenyewe.

Kwa nini Walatino? CDC inakadiria kwamba mtu mzima wa Marekani ana uwezekano wa asilimia 40 wa kupata kisukari cha aina ya pili maishani mwake. Akiwa Mlatino, unazidi asilimia 50. Urithi umo. Mwaka 2014 watafiti walitangaza aina ya jeni ya SLC16A11, iliyoenea kwa watu wenye asili ya wenyeji wa Amerika, inayoongeza hatari. Lakini jeni haichagui nani ana bima, na Texas ndiyo jimbo lenye sehemu kubwa kuliko yote ya watu wasio na bima ya afya nchini. Mtu hapimwi mpaka aanze kuona ukungu au kidonda kigome kupona.

Ukumbi tumepewa bure na kanisa. Promotoras watalipwa dola 20 kwa saa, na maandalizi yanahesabiwa.

4 Februari. Fomu iliyofukuza watu

Siku ya upimaji ilianza vizuri na ikaharibika kufikia saa tano asubuhi. Fomu ya usajili ilikuwa na kurasa nne, na ukurasa wa kwanza uliuliza jina kamili, anwani, tarehe ya kuzaliwa na bima. Akina mama walipokea kalamu, wakasoma, wakasema wanakwenda kuchukua miwani. Hakuna aliyerudi.

Aliyetueleza ni promotora wa El Salvador. Kuanzia Februari 2020 hadi Machi 2021 kulikuwa na kanuni ya uhamiaji iliyofanya matumizi ya baadhi ya misaada ya serikali kuhesabiwa dhidi ya anayeomba ukaazi wa kudumu. Kanuni ilifutwa. Hofu yake bado inatembea kwenye ngazi za maghorofa haya, na darasa letu, ingawa halikuhusika hata kidogo, lilikuwa na kila dalili ya ofisi: meza, foleni, fomu, mtu mwenye beji.

Marekebisho tuliyofanya palepale: meza iliondolewa, viti vikapangwa duara, na maswali saba ya kupima hatari yakaulizwa kwa mdomo huku kahawa inamiminwa. Tulibaki na jina la kwanza na namba ya simu. Pia tulieleza kwa sauti kwamba takwimu zinazopelekwa CDC haziambatani na majina, na makaratasi yenye majina yanakaa kwenye sanduku lenye kufuli pale kanisani. Alasiri watu walikuja wengi kuliko asubuhi, baadhi yao ni walewale wa miwani.

Wanaofaa kuingia ni wenye umri wa miaka 18 kwenda juu, uwiano wa uzito kwa urefu (BMI) wa 25 au zaidi, wasio wajawazito na wasio na kisukari. Juu ya hayo wawe na kipimo cha A1C kati ya 5.7 na 6.4, au waliwahi kupata kisukari cha mimba, au wafikishe alama 5 kwenye yale maswali saba. A1C ni kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi, na hakihitaji kufunga kula. Angalia sharti moja linalosahaulika: angalau asilimia 35 ya darasa wawe wameingia kwa kipimo cha damu au kwa historia ya kisukari cha mimba. Ukijaza ukumbi kwa maswali peke yake, mpango hautakutambua.

Kisukari cha mimba kilinishangaza. Wanawake walikikumbuka kama shida ndogo ya ujauzito iliyokwisha siku mtoto alipozaliwa. Hakuna aliyewaambia kwamba hatari hubaki kwa miaka mingi.

Kuna jambo hatukulipanga kabisa, nalo ni waliotoka na A1C ya 6.5 na kuendelea. Hao wamefika kiwango cha kisukari, darasa la kuzuia si lao, na miadi ya kliniki ya bei nafuu ilikuwa wiki nyingi mbele. Mtu umemtoboa kidole, umempa habari mbaya, halafu humpeleki popote. Ilibidi promotora ashike simu wiki nzima kuwaombea nafasi. Safari ijayo tutaomba kliniki itutengee nafasi kwanza, ndipo tupime. Anayenakili mradi huu aanzie hapo.

25 Februari. Saa ya darasa

Tulipanga Jumamosi saa nne asubuhi, kama vitini vinavyoshauri. Ukumbi ulikuwa mtupu. Jumamosi ni siku ya kazi kwa wajenzi, wapaka rangi na wasafisha nyumba, na wengi husafisha maofisi Ijumaa usiku. Tukahamia Jumatano jioni, wakaja kinamama watatu na watoto tisa, darasa likageuka chekechea.

Sasa ni Jumapili saa saba mchana, mara misa ya Kihispania inapotoka. Tunamlipa dada mmoja wa mtaani dola 60 kila kikao akae na watoto chumba cha pili. Fedha hiyo haikuwa kwenye bajeti ya kwanza. Iwekeni. Bila mlezi wa watoto hakuna darasa, na kumwambia mama aache watoto nyumbani ni kumwambia asije.

Tumepoteza wiki tatu kwa jambo hili.

10 Machi. Meza ya nani?

Usiku wa kuamkia siku hiyo saa za Marekani zilisogezwa mbele, kwa hiyo nusu ya darasa waliingia wakati wenzao wanafunga madaftari. Tukarudia kikao.

Tatizo lenyewe lilikuwa kwenye vitini. Picha zote ni za Meksiko: tortilla, maharage, na nopal, yaani majani ya mpungate yanayopikwa kama mboga. Mama mmoja wa El Salvador akauliza kwa adabu kubwa kama darasa hili ni la Wameksiko, kwa maana yeye amekuja kimakosa. Hakuwa na utani.

Chakula chake ni pupusa, mkate mnene wa unga wa mahindi uliojazwa jibini, maharage au nyama ya nguruwe iliyosagwa, unaoliwa na curtido, kabichi na karoti zilizochachushwa kidogo kwa siki. Mhonduras ana baleada, mkate wa ngano uliokunjwa juu ya maharage na krimu. Mtu wa Puerto Rico angeleta wali na mbaazi. Neno "Latino" limewaweka kapu moja, lakini hata ugonjwa wenyewe hauwaoni hivyo. Utafiti mkubwa uliofanywa Bronx, Chicago, Miami na San Diego kati ya 2008 na 2011, kwa watu 16,415, ulikuta kisukari kwa asilimia 16.9 ya wote. Ukichambua kwa asili, waliotoka Amerika ya Kusini walikuwa asilimia 10.2 na wenye asili ya Meksiko 18.3.

Mtaalamu wa lishe aliyejitolea siku hiyo alishauri wali wa kahawia badala ya mweupe na mkate wa nafaka nzima. Watu waliitikia kwa vichwa, wakaandika. Wiki iliyofuata promotora akauliza nani kapika, kimya. Wali ule hauivi upesi, bei yake iko juu, na waume hawautaki mezani. Ushauri ulikuwa sahihi na haukumsaidia mtu.

Tulichofanya ni kufuta picha zote na kumtaka kila mtu alete picha ya sahani yake ya jana kwenye simu. Kanuni ya sahani imebaki ileile: nusu mboga, robo nyama au maharage, robo wanga. Ila sasa mboga ni curtido, na swali likawa pupusa ngapi. Waliokuwa wanakula nne walikubaliana na mbili, curtido mara mbili, na ya maharage badala ya ya nyama ya nguruwe. Hakuna chakula kilichopigwa marufuku. Mama aliyeuliza kama amekosea darasa ndiye sasa anayepika katika vikao vya mapishi, na vinatugharimu kama dola 45 kila kimoja.

Kwa watakaofanya kwa Kiswahili: msije na picha za ugali tu. Gulfton kuna watu wa fufu na sombe (kisamvu), kuna watu wa wali na chapati, na kuna ambao wamekaa kambini miaka mingi wakila cha mgao.

14 Aprili. Kinywaji

Hapa ndipo nadhani tumeshika jambo kubwa kuliko yote, na ni rahisi.

Tulianza na onyesho la kawaida, chupa za soda na vifuko vya sukari mbele yake. Kopo la mililita 355 lina gramu 39 za sukari, karibu vijiko kumi vya chai. Watu walitazama kama tangazo la televisheni. Wote walikuwa wameshaliona kliniki, shuleni kwa watoto, kila mahali. Wanajua soda ni mbaya, wengi walishaiacha. Wanachokunywa ni horchata, kinywaji cha mchele au mbegu zilizosagwa, maji ya ukwaju, maji ya jamaika, ile rosela yetu. Hivi vinatengenezwa nyumbani, na cha nyumbani kinahesabiwa salama.

Kikao kilichofuata kila mmoja alitengeneza jagi lake kwa mkono wake kama afanyavyo nyumbani, promotora akipima kila kijiko kinachoingia. Majagi kadhaa yalizidi soda. Ukumbi ulicheka, kisha ukaanza kubishana, na ubishi ule ulifundisha zaidi ya kitini chochote. Walikubaliana wenyewe kupunguza kijiko kimoja kila wiki, si kuacha. Ulimi huzoea.

Kisha tukakwama kwenye maji. "Kunywa maji" limeandikwa karibu kila ukurasa wa mtaala. Lakini familia hizi haziamini maji ya bomba. Walikotoka, maji ya bomba yalikuwa yanaumiza tumbo, na katika majengo ya zamani ya hapa hutoka na rangi mara nyingine. Kwa hiyo maji ni ya kununua, na kreti ya chupa inashindana na soda ya ofa. Kuwahubiria ubora wa maji ya jiji hakukusaidia. Kilichosaidia ni mashine za kujaza madumu zilizo nje ya maduka, ambako galoni ilikuwa haifiki nusu dola. Promotora alichora ramani yake kwa kalamu, tukaitoa nakala. Karatasi ile ndiyo iliyobandikwa kwenye majokofu ya watu. Vile vitini vya rangi sijaviona popote.

19 Mei. Susto

Alhamisi ya tarehe 16 upepo mkali ulipiga Houston, ukavunja vioo vya majengo katikati ya jiji na kukata umeme. Ukumbi wetu ulipona, waliokuja siku hiyo ni wachache, na kwa uchache huo mazungumzo yakaenda mbali.

Mada ilikuwa chanzo cha kisukari. Mama mmoja akasema chake anakijua: ni susto, mshtuko alioupata njiani akivuka kuja huku. Dada yake alipata sukari baada ya coraje, hasira kali aliyoimeza kwa miaka. Wengine wakaitikia. Muuguzi aliyekuja kama mgeni akawasahihisha haraka: kisukari kinatokana na uzito, urithi na kutofanya mazoezi, habari za mshtuko ni imani. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza mpaka mwisho wa kikao.

Nilikaa na promotora wa Meksiko tukiosha vikombe. Yeye hakuona kosa liko kwenye elimu ya muuguzi. Aliliona kwenye kasi. Mtu akikupa simulizi ya siku mbaya kuliko zote maishani mwake, huanzi kwa kumkosoa. Isitoshe, simulizi hiyo haiko mbali sana na tiba. Mwili ukishtuka hutoa homoni za adrenalini na kotisoli, na vyote viwili hupandisha sukari. Mfadhaiko wa muda mrefu hula usingizi na hubadili namna mtu anavyokula. Mshtuko hauchukui nafasi ya urithi na uzito, lakini si upuuzi. Na sisi tusicheke: ni mara ngapi umesikia Tanga au Mombasa kwamba fulani sukari imempanda kwa mawazo?

Kikao cha marudio aliongoza yeye peke yake. Alimwomba yule mama asimulie tena, safari hii mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Doña, susto ulifungua mlango. Leo nani anauacha wazi?" Wakaanza kutaja wenyewe: usingizi wa saa nne, kula usiku wa manane baada ya zamu, kukaa na wasiwasi peke yako. Kikao cha mfadhaiko kiko ndani ya mtaala, ila kinakuja baadaye. Tumekileta mbele, na wageni wote sasa wanapewa maelezo kabla hawajaingia.

23 Juni. Dakika 150 kwenye joto la Houston

Tulitangaza matembezi ya jioni Burnett Bayland Park. Joto lilikuwa halijashuka hata saa moja jioni, mbu wakawa wengi, na kurudi nyumbani gizani kwa miguu kina mama hawakutaka kusikia. Tulijaribu alfajiri, alfajiri watu wako kwenye basi la kazini. Matembezi yamekufa.

Kulikuwa pia na hoja ambayo wafundishaji wengi huipuuza: "Mimi nasafisha vyumba kutwa nzima, unaniambia nikafanye mazoezi?" Ni hoja ya haki. Jibu tulilolitumia ni kipimo cha mdomo: ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, hapo ndipo dakika zinahesabika. Baadhi walijipima kazini na kukuta kusugua bafu na kupandisha ngazi na mzigo kunafika. Kukunja shuka hakufiki. Kazi iliyofika tuliiandika. Sioni aibu, kwani lengo ni mwili utumike.

Dakika zilizobaki tunazitafuta ukumbini kwa cumbia, muziki wao wa dansi, nusu saa kabla ya kila kikao, kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Gharama ni spika ya mkopo. Wanaokuja mapema kwa ajili ya muziki wamekuwa wengi kuliko waliokuwa wanakuja kwa wakati kwa ajili ya somo.

28 Julai. Baada ya Beryl

Kimbunga Beryl kiliingia tarehe 8. Wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme katika eneo la Houston, baadhi kwa zaidi ya wiki, kwenye joto la Julai. Vyote vilivyokuwa ndani ya majokofu viliharibika. Kila mboga iliyonunuliwa kwa bidii ilitupwa, na watu wakarudi kwenye tambi za pakiti, mikate na vya kopo, kwa sababu ndivyo vilivyogawiwa na ndivyo visivyohitaji jokofu.

Vikao vilisimama. Jambo la haraka halikuwa darasa. Lilikuwa waume na wazazi wa wanadarasa wenye kisukari tayari, ambao insulini yao ilikuwa inapata moto. Promotoras walituma sauti za WhatsApp za dakika moja moja: barafu inapatikana wapi, insulini ikae ndani ya kitambaa na isigusane na barafu moja kwa moja, maharage ya kopo yasuuzwe kupunguza chumvi, samaki aina ya tuna na mboga za kopo badala ya tambi mkipewa nafasi ya kuchagua.

Sauti zile zimebaki. Waliokuwa wanakosa vikao wanazisikiliza kwenye basi. Tungezianza Februari kama si kung'ang'ania maandishi. Wapo wanadarasa ambao kusoma kwao ni kwa shida, na wapo Waguatemala ambao Kihispania ni lugha yao ya pili baada ya lugha za Wamaya.

22 Septemba. Mizani ya miezi sita, iliyochelewa

Jumapili iliyopita hatukuwa na kikao. Tarehe 15 Septemba ni siku ya uhuru wa nchi tano za Amerika ya Kati, nasi tulishajifunza kutoshindana na sherehe.

Zaidi ya nusu ya walioanza wamebaki. Waliopunguza asilimia 5 ya uzito, kiwango ambacho mpango unakihesabu, ni wachache. Wengi wako kati ya asilimia 2 na 4. Kwa mtu wa kilo 80, asilimia 5 ni kilo 4, na kilo 4 kwa anayefanya kazi mbili si mchezo. Msikate tamaa na mizani peke yake. Mpango wenyewe siku hizi unakubali pia asilimia 4 pamoja na wastani wa dakika 150 za mazoezi kwa wiki, au kushuka kwa A1C kwa 0.2. Kwa kipimo hicho cha mwisho picha ni nzuri zaidi, hasa kwa waliopunguza sukari ya majagi. Waliokuwa kwenye nyumba zisizo na umeme muda mrefu ndio waliorudi nyuma.

Kupima uzito mbele ya wengine kulifukuza watu wawili watatu mwanzoni. Mizani imehamia nyuma ya pazia, mtu anaandika namba yake mwenyewe.

Hesabu ya miezi sita: promotoras dola 2,560, mlezi wa watoto 960, vipimo 480, vyakula vya mapishi 310, mizani na uchapaji 290. Jumla dola 4,600. Medicare imekuwa ikilipia darasa la aina hii tangu Aprili 2018, lakini ni bima ya wenye miaka 65 kwenda juu kwa sehemu kubwa, na wetu ni wa thelathini na arobaini wasio na bima yoyote. Kwa hiyo msitegemee kurudishiwa.

20 Oktoba. Wanaume

Hawaji. Nchi nzima madarasa haya hujaa wanawake, na sisi hatukuwa tofauti. Mabango hayakuwaleta, wake zao hawakuwaleta. Mlo wa familia uliwaleta mara moja: wakala, wakarekebisha spika iliyokuwa inakoroma, wakaondoka.

Sasa promotora mmoja anakwenda uwanja wa mpira Jumapili jioni na kipimo cha kidole na jagi la maji yasiyo na sukari. Anawapima waliokaa benchi, maana wanaokimbia wana hatari ndogo kuliko makocha wao. Masomo yamefupishwa hadi dakika kumi, wamesimama. Hayatambuliwi na mpango kama vikao. Nimeamua kuyaandika kwenye daftari tofauti na kuendelea nayo.

8 Desemba. Kinachohamia kwenye Kiswahili

Msimu wa posadas, sherehe za kuelekea Krismasi, umekaribia: tamales (unga wa mahindi uliojazwa na kupikwa kwa mvuke) na champurrado (uji wa mahindi na chokoleti) kila nyumba. Kikao cha leo kilikuwa cha mpango wa sherehe tu: kula nini kwanza, kukaa mbali na sufuria, kucheza kabla ya kula. Cha Januari ni kupima.

Darasa la Kiswahili litaanza Februari 2025, Jumapili saa tisa alasiri, baada ya ibada ya Wakongo kwenye ukumbi huohuo. Vinavyohamia bila kubadilika ni viti vya duara, mlezi wa watoto, jagi la kila mtu, sauti za WhatsApp, mizani nyuma ya pazia na kliniki kutafutwa kabla ya kupima. Picha za sahani zitaanza upya na simu zao wenyewe. Chai ya maziwa yenye sukari na soda za harusini zitachukua kikao cha horchata. Muziki watachagua wao. Mama mmoja kutoka Uvira keshasema rumba, na hataki mjadala.

Mwalimu bado anatafutwa. Awe mama wa mtaani, anayejua jikoni za Bukavu na za Kigoma, na awe tayari kulipwa dola 20 kwa saa mpaka tupate zaidi.